Gauni la Eleonora di Toledo: mahameli iliyochorwa na mahameli iliyozikwa

Katika makumbusho ya Uffizi, Florence, ipo picha ya Eleonora di Toledo na mwanawe Giovanni. Agnolo Bronzino aliichora mnamo 1545, kwa rangi za mafuta, juu ya ubao wa sentimita 115 kwa 96. Eleonora alikuwa binti wa makamu wa mfalme wa Hispania huko Naples, na mwaka 1539 aliolewa na Cosimo wa Kwanza de' Medici, mtawala wa Florence. Lakini anayesimama mbele ya picha hii hushikwa kwanza na gauni. Ni jeupe, limetambaa matawi meusi ya mahameli yanayojipinda na kukutana, na katikati ya kifua limekaa komamanga kubwa la dhahabu.

Eleonora alifariki Pisa tarehe 17 Desemba 1562, akazikwa katika kanisa la San Lorenzo, Florence. Mwaka 1857 majeneza ya ukoo wa Medici yalifunguliwa na kukaguliwa. Mwili wake ulitambuliwa kwa msaada wa mavazi ya kifahari na nywele zilizofungwa kwa uzi wa dhahabu, vikilinganishwa na picha za Bronzino. Kutoka hapo ikaenea habari kwamba alizikwa na gauni lile lile la Uffizi. Habari hiyo ilikaa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mabaki ya nguo yalitolewa kaburini miaka ya 1940, yakafanyiwa kazi ndefu ya kuhifadhiwa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kisha yakawekwa Palazzo Pitti. Walioyasafisha na kuyapanga walikuta gauni jingine kabisa.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa na mtu anayejua kitanda cha kufumia, kwa sababu makosa yalianzia kwenye jicho. Ukisimama mbali, nguo zote mbili ni nyeupe, zina mahameli, zina dhahabu. Ukifuata uzi mmoja tu kuona unaingia wapi na kutokea wapi, zinaachana mara moja.

Kilichotoka kaburini

Gauni la kaburini lilishonwa kwa atlasi (satini) nyeupe isiyo na nakshi, ambayo leo imegeuka rangi ya mchanga. Urembo wake wote umeongezwa baadaye: mikanda ya mahameli iliyodariziwa kwa zari, yaani uzi wa dhahabu, ikashonewa juu ya atlasi kwenye kingo za kifua na pindo la sketi. Ndani yake palikuwa na kizibao cha mahameli nyekundu cha kufunga kwa ndoana, na soksi nyekundu za hariri zilizosukwa kwa sindano.

Zari iliyodariziwa hulala juu ya kitambaa. Mdarizi haipitishi ndani, kwa kuwa ni ghali na hukwaruzika. Huilaza usoni na kuibana kwa uzi mwembamba wa hariri, kwa mishono midogo inayokatiza njia yake. Geuza kitambaa: nyuma utaona mishono midogo tu, dhahabu haipo. Zari iliyofumwa hupita ndani ya mtande (nyuzi za urefu zilizokazwa kitandani) pamoja na mshindio wa kawaida (uzi unaopitishwa kukatiza mtande), na upande wa nyuma huonekana ikining'inia au ikirudi pale nakshi inapoishia. Kwa ushahidi huo tu, nguo ya kaburini haiwezi kuwa ya picha, kwa sababu nakshi ya picha, kama tutakavyoona, ni ya kufumwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kaburi lenyewe lilisaidia kuficha jambo hili. Katika jeneza, majimaji ya mwili yenye asidi huila kitani na pamba kwanza, hariri na sufu zikabaki. Kilichobaki kikawa vipande vyenye madoa, vilivyokunjamana, atlasi imepasuka kufuata nyuzi. Aliyetazama mwaka 1857 aliona mahameli na dhahabu juu ya weupe, na kumbukumbu ya picha maarufu ikamalizia yaliyokosekana.

Kukisoma kitambaa cha picha

Sasa kazi ngumu: kusoma kitambaa ambacho hakipo mkononi. Bronzino alikuwa mchoraji wa macho makali kiasi kwamba inawezekana kufanya hivyo, sehemu kwa sehemu.

Kuna tabaka tatu. Msingi mweupe unang'aa kwa wororo bila mistari: huo ni ufumaji wa atlasi, ambamo kila uzi wa mtande unapita juu ya mishindio minne na kuzama chini ya mmoja, na sehemu za kuzamia zimetawanywa ili zisionekane. Matawi meusi hayang'ai kabisa. Yana kina na kingo laini: hayo ni manyoya ya mahameli yaliyokatwa, yaani nyuzi fupi zinazosimama usoni. Dhahabu ni ya namna mbili. Mahali pengine imelala bapa. Mahali pengine, hasa ndani ya makomamanga, ina vidoto vya mwanga, kila kimoja na kivuli chake. Vidoto hivyo ni vitanzi vya zari vilivyoinuliwa juu ya uso wa kitambaa.

Ili kuelewa ugumu wake, lazima tueleze mahameli ya kawaida inavyozaliwa. Kitanda kinabeba mitande miwili. Wa kwanza ni mtande wa msingi, uliokazwa sana, wa hariri iliyosokotwa vizuri. Wa pili ni mtande wa manyoya, wa hariri laini zaidi, uliolegezwa. Mfumaji anapiga mishindio, kwa kawaida mitatu, kisha anainua nyuzi za manyoya peke yake na kupitisha chini yake ufito mwembamba wa shaba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Anapiga tena mishindio mitatu na kuishindilia kwa kitana. Nyuzi za manyoya sasa zimepanda juu ya ufito na kushuka, zimefanya safu ya vitanzi. Akiuchomoa ufito hivi hivi, anapata mahameli ya vitanzi. Akitaka mahameli ya kukatwa, ufito wake una mfuo mwembamba kwa juu, na kisu kidogo chenye kiongozi hupita ndani ya mfuo kikikata kila kitanzi katikati. Ufito unajitoa wenyewe, nyuma yake zinasimama safu mbili za manyoya.

Hapa kuna sheria isiyovunjwa: ufito wa mwisho haukatwi. Lazima ubaki angalau ufito mmoja, mara nyingi miwili, kati ya kisu na mahali pa kupiga mshindio. Kinachoshika manyoya yasing'oke ni msuguano wa mishindio iliyoshindiliwa tu, hakuna fundo. Safu iliyokatwa kabla haijabanwa na mishindio ya mbele yake hunyofoka kwa kuguswa tu na kidole.

Kwa mahameli isiyo na nakshi, mtande wote wa manyoya unaweza kukaa kwenye gogo moja la kuzungushia nyuzi nyuma ya kitanda, kwa kuwa nyuzi zote hupanda pamoja na kutumika sawasawa. Kwenye mahameli ya nakshi mpango huo haufai, na hesabu yake ni rahisi. Tuchukue kitambaa cha mfano chenye fito 12 kwa kila sentimita na manyoya ya urefu wa milimita 2. Kila kitanzi kinakula takriban milimita 4, kupanda na kushuka. Vitanzi 12 ni milimita 48. Ongeza sentimita moja na ushei ya njia ndani ya msingi. Kwa sentimita moja ya kitambaa, uzi mmoja wa manyoya umekwenda karibu sentimita 6. Lakini pale ambapo nakshi inataka msingi mtupu, uzi uleule unatumia sentimita moja tu kwa kila sentimita ya kitambaa.

Sasa angalia matawi ya Bronzino. Uzi unaopita katikati ya tawi nene unaweza kuwa ndani ya manyoya kwa asilimia 80 ya urefu. Jirani yake, unaokatiza ncha ya jani tu, asilimia 5. Kwa kila mita moja ya kitambaa wa kwanza unakula mita 5, wa pili mita 1 na robo. Ukiziweka kwenye gogo moja, kabla ya siku kuisha wa kwanza umekatika kwa kukazwa na wa pili unaning'inia chini ya kitanda. Kwa hiyo kila uzi wa manyoya hupewa bobini yake, na kila bobini uzito wake mdogo wa kuurudisha uzi nyuma. Bobini hizo hupangwa kwenye fremu nyuma ya kitanda. Kwa kitambaa cha mfano wetu, chenye nyuzi 15 za manyoya kwa sentimita na upana wa braccio moja ya Florence, yaani sentimita 58 hivi, zinahitajika bobini 870. Hilo ni kwa rangi moja tu.

Weusi juu ya weupe

Rangi ndiyo inayoonyesha kuwa aliyekibuni kitambaa hiki alijiamini. Mahameli nyingi za karne ya 15 na 16 zenye msingi ulio wazi zina msingi na manyoya ya rangi moja, nyekundu juu ya nyekundu, kijani juu ya kijani. Sababu si ladha peke yake. Uzi wa manyoya usiotumika usoni haupotei. Bado unapita ndani ya kitambaa ukingojea zamu yake. Ukiwa na rangi ya msingi, hakuna anayeuona. Ukiwa mweusi chini ya atlasi nyeupe, kila mahali unapozamia kwenye mshindio unaweza kuchungulia, na weupe ukageuka kijivu kama nguo iliyofuliwa na soksi nyeusi.

Dawa yake ni mbili, na zote zina gharama. Ya kwanza ni kuujaza mtande wa msingi hadi nyuzi nyeupe zigusane na kufunika yaliyo chini. Hariri inaongezeka, na kitana kinakuwa na nafasi finyu ambazo husuguana na nyuzi na kuzikata. Ya pili ni kuuacha uzi mweusi ukae nyuma kwa hatua ndefu, ukishikwa kwa nadra. Weupe unatakata, lakini nyuzi ndefu zilizo huru nyuma hunaswa na vidole na bitana, na pale zinaporudi juu ukingo wa tawi huwa dhaifu. Mfumaji mzuri huchanganya: hushika uzi karibu na ukingo wa nakshi na kuulegeza katikati ya eneo tupu. Bronzino amechora weupe ulio safi hadi kwenye ukingo wa mweusi. Ama kitambaa kilikuwa cha mkono bora kabisa, ama mchoraji alikitakasa kwa brashi. Kwa jinsi alivyo mwaminifu kwenye vivuli vya vitanzi, tunaelekea upande wa kwanza.

Weusi wenyewe una ubaya mwingine. Hariri mbichi huchemshwa katika maji ya sabuni ili kuondoa gundi yake ya asili, na hapo hupoteza karibu robo ya uzito. Hariri ilipimwa kwa mizani alipopewa mfumaji na ikapimwa tena aliporudisha kitambaa, kwa hiyo robo hiyo ilikuwa fedha. Rangi nyeusi iliyopatikana kwa vinundu vya mwaloni vyenye tanini pamoja na chumvi ya chuma ilikuwa na sifa ya kuurudisha uzito huo, na kwa mpaka rangi asiye mwaminifu, kuuzidisha. Vyama vya kazi vya miji ya Italia viliweka kanuni kuhusu kuongezea hariri uzito kwa sababu hiyo. Chuma kinachobaki ndani ya uzi huendelea kuila hariri polepole. Katika mahameli nyingi za zamani zilizohifadhiwa, manyoya mekundu bado yamesimama ilhali meusi yamekuwa vumbi, na nakshi inabaki kama kivuli cha mashimo madogo. Kwa mantiki hiyo, hata kama gauni la picha lingezikwa San Lorenzo, ambacho kingeoza mapema zaidi ni matawi hayo meusi.

Dhahabu

Zari ya kazi hii ilikuwa utepe mwembamba sana wa fedha iliyopakwa dhahabu, uliozungushwa juu ya kiini cha hariri ya njano. Njano iliwekwa makusudi: utepe ukifunguka kidogo, kinachoonekana katikati kinaendelea kufanana na dhahabu.

Zari haipandi kwenye mtande, kwa kuwa kuvutwa na kusuguliwa na kitana kungeuchubua utepe. Huingia kama mshindio wa ziada, na mara nyingi hushikwa na nyuzi nyembamba za mtande wa tatu zilizowekwa kwa kazi hiyo peke yake. Mfumaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuipitisha kutoka ukingo hadi ukingo na kuiacha nyuma pasipohitajika. Ni haraka, lakini dhahabu nyingi inakaa mahali ambapo hakuna atakayeiona. Ya pili ni kutumia kijiti kidogo cha zari kwa kila ua, kinachokwenda na kurudi ndani ya mipaka ya ua hilo tu. Inaokoa dhahabu, lakini kila safu inasimama mpaka vijiti vyote vipite. Kwa makomamanga yaliyo mbalimbali juu ya eneo kubwa jeupe, njia ya pili ndiyo ya busara, hasa kwamba zari iliyolala nyuma ya atlasi nyeupe ingeongeza ugumu na kufanya kitambaa kikatae kukunjika.

Vitanzi vya dhahabu huundwa kwa ndoana ndogo. Zari ikishapita, mfumaji huivuta juu kati ya nyuzi za mtande, kitanzi kimoja baada ya kingine, kisha mshindio wa msingi unapigwa kuvikaza. Vitanzi vya vimo viwili vikiwekwa pamoja, virefu juu ya vifupi, uso unameta kwa kila pembe. Hapa ndipo mwanga wa picha unapotoka, na ndiyo sababu tunasema Bronzino alikuwa na kitambaa halisi mbele yake. Vivuli vidogo vya vitanzi kwenye komamanga la kifua vinafuata upande mmoja wa mwanga, na vinapungua pale vitanzi vinapopungua. Haiaminiki kwamba mtu angevibuni kichwani kwa usahihi huo.

Kamba za nakshi

Nakshi yote inakumbukwa na kamba. Juu ya kitanda kila uzi wa manyoya umefungwa kwenye kamba, na kamba zinazopaswa kupanda pamoja kwa ufito fulani zimekusanywa kwa vitanzi vya nyuzi. Msaidizi anavuta fungu la kwanza, mfumaji anaingiza ufito. Anavuta la pili, na kuendelea, kwa mpangilio usiobadilika. Tukichukua nakshi ya kimo cha sentimita 80, kwa fito 12 kila sentimita, ni mivuto 960 kabla komamanga halijaanza kujirudia, pamoja na mishindio 2,880 ya msingi, bila kuhesabu mivuto ya zari.

Lipo jambo katika picha linalopunguza kazi hiyo. Nakshi ni ya pande mbili zinazolingana kulia na kushoto. Uzi wa kwanza kutoka ukingo wa kushoto unafanya kazi ileile ya uzi wa kwanza kutoka kulia, kwa hiyo kamba moja inatosha kuinua zote mbili, na kamba 870 zinakuwa 435. Fundi akishavuka mstari wa kati, kila kitu kinarudi kinyumenyume. Ulinganifu huo ambao watazamaji huuona kama heshima ya kifalme ulikuwa pia hesabu ya karakana.

Kuandaa kitanda cha namna hii ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Kufuma kwenyewe ni polepole: katika karakana ya Luigi Bevilacqua mjini Venice, ambako mahameli ya nakshi bado inafumwa kwa mikono kwenye vitanda vya zamani, mahameli yenye manyoya ya kukatwa na vitanzi pamoja huenda kama sentimita 30 kwa siku. Ukiongeza vitanzi vya dhahabu vya kuinua kwa ndoana, kiasi hicho kinashuka.

Yanayoharibika, na mahali yanapoonekana

Mvuto uliorukwa hujionyesha kama ngazi kwenye mstari uliopaswa kupinda. Bobini yenye uzito uliopungua hutoa mstari mwembamba wa manyoya marefu kuliko jirani zake. Kisu kilichotoka kwenye mfuo hukata msingi, na hapo hakuna dawa. Kipande kinauzwa kifupi.

Kosa linalotisha zaidi kwa nguo ya nakshi kubwa halionekani kitandani. Ni mkono wa kushindilia. Asubuhi mfumaji ana nguvu, fito zinabanana, komamanga linakuwa fupi. Jioni mkono umechoka, fito zinaachana kidogo, komamanga linarefuka. Hitilafu ya asilimia moja tu kwa nakshi ya sentimita 80 ni milimita 8. Kitambaa kina upana wa sentimita 58. Sketi pana inataka mapande kadhaa yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu, na nusu ya tawi kwenye ukingo wa pande moja lazima ikutane na nusu yake kwenye pande jingine. Milimita 8 zinatosha kulivunja tawi mbele ya kila mtu. Ndiyo sababu mfumaji wa kazi hizi hupima kimo cha nakshi kila inapokamilika na kurekebisha mkono kabla ya kuanza nyingine. Fundi cherehani hana uwezo wa kuponya alichokosea mfumaji, kwa kuwa mahameli haivutwi wala kupigwa pasi bila kuyalaza manyoya.

Kisha kuna mwelekeo. Manyoya yana upande wa kulala, na makomamanga yana kichwa na shina. Mapande yote yanakatwa yakielekea upande mmoja, hakuna kugeuza ili kuokoa kitambaa. Na pande la mbele ya kifua lazima likatwe ili mstari wa kati wa nakshi ukae juu ya mstari wa kati wa mwili. Katika picha umekaa hapo hasa. Kwa kitambaa cha bei hii, kipande kinachobaki pembeni baada ya ukataji huo ni hasara kubwa.

Je, gauni lilikuwepo?

Kitambaa kilikuwepo, hilo tunalishikilia. Gauni ni swali jingine. Tazama sketi na mikono: mwili una duara, kitambaa kina mikunjo, lakini nakshi imetandazwa karibu bapa, kama iliyochukuliwa kutoka kwenye kipande kilichowekwa juu ya meza. Mkunjo halisi ungelimeza nusu ya tawi na kulitoa upande wa pili likiwa limekatika. Watafiti waliopekua kumbukumbu za ghala la mavazi la Medici hawakukuta gauni linaloweza kutajwa kuwa ndilo hili. Tena mtindo wa nguo za kike za Florence wakati huo ulikuwa ukielekea kwenye vitambaa vya rangi moja vyenye mikanda ya kushonewa, sawasawa na lile la kaburini. Nakshi kubwa za komamanga zilikuwa zikibaki kwenye mavazi ya kanisani, mapazia na vifuniko vya viti vya heshima.

Linaloelekea kuwa kweli, kwa maoni yetu, ni kwamba Bronzino alipewa kipande cha kitambaa, kirefu vya kutosha kuonyesha nakshi nzima mara moja, akakivisha mwili wa Eleonora kwa brashi. Cosimo alikuwa na sababu ya kutaka hivyo. Mwaka huohuo wa 1545 alikuwa akianzisha karakana ya mazulia ya ukutani kwa kuwaleta mafundi Jan Rost na Nicolas Karcher, na hariri ilikuwa miongoni mwa biashara kubwa za mji wake. Karakana ya Bronzino ilirudia gauni lile lile katika nakala nyingine, kama iliyopo Detroit, na kila anayefuata nakshi kwenye nakala hizo ataona inarudia picha ya kwanza, si kitambaa.

Kama siku moja kitatokea kipande kinachodaiwa kuwa cha kitambaa hiki, mambo ya kupima yanajulikana. Pima upana kutoka ukingo hadi ukingo: ukikaribia sentimita 58, unaelekea Florence, ukikaribia 64, kipimo cha hariri cha Venice, tafuta kwingine. Kigeuze uone zari inaishia kwenye mpaka wa ua au inavuka. Hesabu mishindio kati ya safu mbili za manyoya. Kisha angalia meusi kwa kioo cha kukuza, kwa sababu baada ya miaka karibu 480 manyoya meusi yaliyo mazima, laini na kamili yanastahili kuulizwa yalipakwa rangi kwa kitu gani.